Mshale Uliokataa Kushuka

Tangu nirudishe funguo za stoo ya vifaa, asubuhi zangu zimekuwa ndefu kupita kiasi. Nimeshaifungua redio ya nyumbani na kuifunga tena bila kuombwa na mtu, na nilipoanza kuitazama cherehani ya mke wangu kwa jicho la kazi, alinipa kalamu na kuniambia niandike yale ambayo ninyi vijana wa gereji mmekuwa mkinisumbua niyaandike. Basi mshukuruni yeye. Sitaeleza nilipandishwa cheo lini wala nililipwa nini, maana cheo hakijawahi kufungua nati iliyoshika kutu. Nitaandika habari za geji, vile vipimo vya mshale kwenye dashibodi ya gari, kwa sababu ndizo zilizonipa jina katika wilaya hizi mbili, na kwa sababu ninyi wa siku hizi geji ikigoma mnachojua ni kuing'oa na kuagiza nyingine kutoka Mwanza.

Nilianza kazi Biharamulo, enzi za Mwingereza, kwenye gereji ya Mzee Shabani. Kwetu ni Nyakisasa, upande wa Ngara, na kabla ya hapo nilikuwa nimepanda gari mara moja tu, tena juu ya magunia ya maharage. Kiswahili nilikipata shule ya misheni. Nyumbani tulisema Kihangaza. Mzee Shabani yeye alikuwa wa zile familia za mjini ambazo mababu zao walitoka pwani kufuata biashara, na Kiswahili chake kiliteleza hata alipokuwa anatukana. Nilimkuta amelala chini ya lori, miguu tu ikionekana, nikaisalimia miguu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unajua kuosha?"

"Nimekuja kujifunza injini, mzee."

"Sikukuuliza umekuja kujifunza nini."

Nikaosha magari msimu mzima wa mvua. Niliosha matope mekundu ya Lusahunga, nikaosha matope ya Nyakahura, nikaosha mavi ya ng'ombe na manyoya ya kuku, na moyoni nilikuwa nimeshamhukumu yule mzee kuwa ni mnyonyaji. Kumbe alikuwa ananifundisha. Kila nilipomaliza aliniuliza nimeona nini: bolti gani imelegea, bomba gani linatoka jasho, waya gani umeanza kuchubuka. Kanuni yake ilikuwa osha kwanza, fungua baadaye. Nikimjibu kwamba sikuona kitu, nilirudishwa na ndoo.

Siku alipoona nimeanza kuona, alinipa vifaa vyangu vya kwanza. Bisibisi mbili, plaisi moja ya mpini uliofungwa mpira, msasa, na kitu ambacho wengi wenu mmewahi kunicheka kwa kukitembeza mfukoni mpaka juzi: balbu ndogo ya taa ya nyuma ya lori, imeungwa nyaya mbili ndefu zenye vibanio. Hiyo ndiyo taa ya kupimia. Ukibana waya mmoja kwenye chesisi na kugusisha mwingine mahali unapopashuku, balbu ikiwaka, moto, yaani umeme, umefika, isipowaka haujafika. Nimebadilisha balbu mara nyingi, lakini nyaya ni zilezile, na hakuna mtu nitakayemwachia mpaka nimwone anavyoosha gari.

Geji alinifundisha kwa maneno machache. "Geji haijui kitu," alisema. "Inaambiwa tu. Wewe katafute nani anayeiambia." Chukueni geji ya petroli ya zile Landrova za zamani. Ndani ya tanki kuna boya linaloelea juu ya petroli, na mkono wa boya unaendesha kifaa kinachopunguza au kuongeza moto. Kutoka pale kuna waya mmoja unaokwenda kwenye dashibodi. Moto ukishapita kwenye boya lazima urudi kwenye betri, na njia yake ya kurudi si waya, ni bati lenyewe: kutoka mwili wa tanki kwenda kwenye chesisi. Njia hiyo mafundi tunaiita ethi. Sasa kariri hili, maana litakusaidia hata mimi nikiwa kaburini: kwa geji zile, waya wa boya ukiugusisha chesisi, mshale unalala kabisa kwenye tupu, ukiuachia hewani, mshale unapanda na kukaa kwenye jaa, yaani tanki limejaa. Na usiugusishe bati swichi ikiwa wazi, hasa karibu na tanki. Bana kwanza, kisha fungua swichi, maana cheche moja tu inatosha kukupeleka kwa Muumba wako ukiwa umeshika bisibisi.

Kesi yangu ya kwanza ya geji ilikuwa lori la mizigo ambalo geji yake ya joto ilipanda kila mlimani. Dereva alikuwa mtu mwangalifu, akisimama juu ya kila kilima ili injini ipoe, na abiria walishazoea kushuka, kunyoosha miguu na kununua mahindi ya kuchoma. Nilipoliosha niliona kile kijibomba chembamba cha geji kimelalia ekzosi. Injini ilikuwa baridi kama maji ya mtungi. Kilichokuwa na joto ni ekzosi. Nikakisogeza na kukifunga kwa waya, na kazi ikaishia hapo. Wauza mahindi wa kile kilima hawakunisalimia tena kwa muda mrefu, na sikuwalaumu.

Lakini kesi iliyonifanya niitwe fundi ilikuwa ya Mzee Laurenti.

Mzee Laurenti alikuwa dereva wa Bwana Hamdani, mwenye duka kubwa la Biharamulo lililotazamana na gereji yetu. Kwao Laurenti ni Kasulo. Alikuwa mkulima na Mkatoliki wa kukaa benchi la mbele, ndiye aliyeshika msalaba siku za maandamano ya kanisa. Kiswahili chake kilikuwa cha kwetu, cha kuchanganya r na l, na alikisema polepole bila kuona haya. Alikuwa ameanza kazi kwa marehemu baba yake Hamdani, na ndiye aliyekuwa akimpeleka Hamdani shule akiwa mtoto, amempakata mbele ili asirushwe na mashimo. Kwa hiyo, ingawa Hamdani alikuwa tajiri na Laurenti mwajiriwa, kila asubuhi tajiri ndiye aliyetoka barazani, akasimama kando ya gari na kusema, "Shikamoo, Mzee Laurenti." Baba yake aliagiza hivyo kabla ya kufa. Mji mzima uliizoea ile salamu, na nadhani hata gari liliingojea.

Gari lenyewe lilikuwa Landrova, si mpya tena, iliyokwishakula miaka yake kwenye barabara za changarawe. Ilikwenda Kabanga mpakani na kurudi, ikichukua sukari, chumvi, vitenge na abiria, na mgonjwa akipatikana njiani, mgonjwa ndiye aliyekaa mbele. Tanki la petroli liko chini ya kiti, na mfuniko wake Bwana Hamdani aliutia kufuli, ufunguo ukawa mfukoni mwake. Zamani madereva walipima petroli kwa kijiti, lakini kijiti kimoja kilivunjikia ndani na kuziba bomba, naye akapiga marufuku vijiti vyote. "Geji ipo," alisema. "Ya nini tena kijiti?"

Mwaka ule, kiangazi kilipoanza, Landrova ikaanza kukata petroli njiani. Mara ya kwanza ilizimika kabla ya kufika Kasulo. Ikazimika tena, na tena, kila mara upande uleule wa nyumbani kwake Laurenti. Tulitafuta uvujaji, hatukuuona. Laurenti alisema gari lilizimika huku mshale ukionyesha limejaa. Bwana Hamdani, ambaye hakuwa mjinga wala mtu mbaya, akafanya ambacho wengi wangefanya: akaagiza geji mpya kutoka Bukoba, akamwomba dereva mmoja aliyekuwa akipita aifunge. Geji mpya nayo ikasema tanki limejaa. Hapo, kwake yeye, mashahidi wakawa wawili dhidi ya mzee mmoja.

Nilikuwapo asubuhi aliyomwita. Alitoka barazani, akasimama kando ya gari mahali palepale pa kila siku, na wateja na wapagazi wakiwa wamejaa uwanjani. Hakusema shikamoo.

"Leta ufunguo wa gari," alisema.

Laurenti akautoa. Hakuelewa bado.

"Jana asubuhi nilitazama geji kwa macho yangu. Mpya. Tanki limejaa. Umeondoka hapa, umefika karibu na kwako, tanki kavu. Petroli imekwenda wapi?"

"Mimi sijui, Bwana Hamdani. Sijachukua hata tone."

"Basi labda Kabanga wanajua. Ng'ambo kwa Wabelgiji petroli inanunuliwa vizuri, nasikia." Watu wakacheka, wale wa kucheka kabla hawajajua wanacheka nini. Hamdani hakucheka nao, na mimi niliona wazi kwamba na yeye alikuwa anaumia. "Ulinibeba mtoto, Laurenti. Kumbe unaniibia. Jumatatu tunakwenda bomani, ukawaeleze huko."

Alimwita Laurenti tu, jina tupu bila mzee. Nadhani hilo lilimchoma kuliko neno kuiba.

Habari hutangulia gari. Kabla jua halijazama, Kasulo walishajua, na Jumapili ile Laurenti hakukaa benchi la mbele. Alisimama mlangoni pamoja na waliochelewa. Mkewe alikwenda kisimani akakuta mazungumzo yanakatika. Yote haya alinieleza yeye mwenyewe Ijumaa iliyofuata, alipokuja gereji kwa miguu, maana Hamdani alikuwa na shughuli ya msiba Bukoba na safari ya bomani ilisogezwa kwa wiki moja.

"Nimekuja kuomba mtafute," alimwambia Mzee Shabani. "Kama ni mimi mwizi, museme. Kama ni gari, museme pia. Rakini mutafute kweri."

Mzee Shabani alijifuta mikono. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia, ingawa alikuwa hajamwambia mtu. Akanigeukia. "Deo, hii ni yako," alisema. "Mimi nitakaa hapa kwenye benchi, nisikie."

Landrova ilikuwa imeegeshwa dukani bila dereva. Tulimwomba msimamizi wa duka ufunguo wa swichi, tukaisukuma mpaka kwetu. Nikafungua swichi: mshale ukaruka moja kwa moja kwenye jaa. Nikaifunga. Kisha nikafanya kama nilivyofundishwa, nikachota maji na kuosha, hasa chini, ambako vumbi lilikuwa limeganda kama udongo wa kusiribia nyumba. Laurenti alitaka kunisaidia, nikamkatalia, kwa sababu nilitaka macho yangu peke yake.

Nilipomaliza nikafungua swichi tena, bila sababu kubwa, kwa mazoea tu. Mshale haukuwa kwenye jaa. Ulikuwa umeteremka kidogo, na ulikuwa unatikisika.

"Mzee," nilimwambia Mzee Shabani, "mshale umeshuka."

"Umegusa nini?"

"Maji tu."

Aligeuza uso kwenye jua. Halafu akasema twendeni tukale kwanza, gari likae juani. Tulikula ugali na maharage, mimi nikiwa natafuna bila kuonja. Tuliporudi bati lilikuwa limekauka, na nilipofungua swichi mshale ulikuwa umerudi palepale juu, umetulia. Laurenti akakumbuka kwamba wakati wa masika geji ilikuwa ikisema karibu na ukweli, na tangu mvua zikatike ndipo iligoma kushuka. Basi nikajua kitu kimoja: kilichokuwa kinaiambia geji uongo kilikuwa kinalowa na kukauka. Waya haulowi hivyo, wala boya, ambalo liko ndani ya petroli mvua na jua.

Nikachomoa waya wa boya, nikaubana kwenye chesisi, nikafungua swichi. Mshale ukalala kwenye tupu. Kwa hiyo geji nzima, na waya mzima. Nikafunga swichi, nikautoa waya kwenye chesisi na kuubana kwenye mwili wa tanki lenyewe, bati tupu nililolisugua kwa msasa likang'aa. Kama mambo yangekuwa sawa, mshale ungelala vilevile, maana tanki ni bati na limefungwa kwenye chesisi. Nikafungua swichi. Mshale ukapanda mpaka jaa.

Nilikaa chini kabisa, kwenye matope niliyoyatengeneza mwenyewe. Tanki lilikuwa ndani ya gari, limefungwa kwenye gari, na halikuwa linagusa gari.

Nikaingia chini na kurunzi. Kati ya tanki na pale linapokalia palikuwa na ngozi ya ng'ombe, imekatwa vizuri, imekunjwa kwenye kona. Kila bolti ilikuwa na washa mbili za ngozi, vile vipete vya kukalia nati, juu na chini, na hata tundu lake lilikuwa limevikwa utepe wa ngozi ili chuma kisilie kwenye chuma. Njia ya mwisho iliyobaki ingekuwa bomba la petroli, lakini lile lilishawahi kupasuka kwa mtikisiko, likaungwa kwa mpira. Ngozi ikilowa hupitisha moto kidogo, ikikauka huukatia njia, na geji hudhani waya uko hewani. Ilikuwa kazi safi. Hata leo sijaona washa za ngozi zilizokatwa kwa uangalifu ule.

"Mzee Laurenti," niliita kutoka chini, "nani aliweka ngozi hii?"

"Mimi," alisema. "Kwani imeharibika?"

Hapo moyo wangu ulishuka kabla ya mshale. Maana nilijua Bwana Hamdani atasema nini. Mtu anayetaka kuiba petroli huanza na geji. Nilikuwa nimetafuta kweli kama nilivyoombwa, na kweli niliyoipata ilikuwa na alama za vidole vya Laurenti mwenyewe.

Nilitoka nikamweleza, na Mzee Shabani akisikiliza. Laurenti hakuelewa habari za moto na ethi, lakini alielewa haraka kwamba ile ngozi ndiyo iliyomwita mwizi. Akakaa karibu na Mzee Shabani kwenye benchi. Akatueleza kwamba kabla ya masika alimchukua mwanamke wa Nyakisasa aliyekuwa na uchungu wa kuzaa, uchungu wa siku nyingi, na tanki liligongagonga chini ya kiti kila shimo, na kila lilipogonga yule mama alilia. "Nikasema moyoni, hiri tanki ritanyamaza," alisema. Ndugu yake alikuwa mtengeneza ngoma, akamwomba kipande cha ngozi, akakifanyia kazi siku ya mapumziko, bila kumwambia mtu, maana hakuona kuwa ni jambo la kuambia watu.

"Niitoe?" niliuliza. "Nikiitoa sasa hivi, geji itapona, na hakuna atakayejua ilikuwapo."

Nawaambia wazi kwamba niliuliza hivyo kwa kumwonea huruma. Laurenti alitikisa kichwa.

"Hapana, mwanangu. Iache. Bwana Hamdani akirudi, aione ikiwa mahari pake."

Hamdani alirudi kesho yake. Mzee Shabani mwenyewe ndiye aliyevuka barabara kwenda kumwita, na hapakuwa na mtu Biharamulo wa kukataa wito wa Mzee Shabani. Wapagazi na wateja wakafuata nyuma, walewale waliocheka. Laurenti alisimama upande wa pili wa gari, kofia mkononi.

Nilimwomba Bwana Hamdani afungue kufuli la tanki kwa mkono wake. Nikamwomba afungue swichi. Jaa. Kisha nikamwomba ruhusa ya kijiti, mara moja tu, nikishike mimi. Alisita, akakubali. Kijiti kilitoka kimelowa nchani tu, upana wa vidole vitatu.

"Uliacha limejaa," nilisema, "kwa sababu geji ilikuambia limejaa. Mkimimina debe moja inasema limejaa, msipomimina inasema limejaa, basi mnafunga kufuli. Gari limekuwa likiondoka hapa na nusu, au robo, na nusu haifiki Ngara."

"Na geji mpya?"

"Mpya imeambiwa uongo uleule." Nikamwonyesha majaribio yangu ya waya, chesisi na tanki, mshale ukilala na kupanda. Alifuata kila hatua. Nimesema hakuwa mjinga. Na kwa kuwa hakuwa mjinga, aliuliza lile swali nililokuwa naliogopa.

"Nani alilitenga tanki na gari?"

Ningeweza kusema mtikisiko, vumbi, uzee. Laurenti hakunipa nafasi.

"Mimi, Bwana Hamdani. Nimeweka ngozi. Riritoa kerere sana, wagonjwa wariria."

Nikaona uso wa Hamdani unafungwa kama duka. Akapiga magoti na kanzu yake nyeupe, akainama chini ya gari, na mimi nikammulikia. Alizitazama zile washa za ngozi, moja baada ya nyingine. Alikaa pale chini muda mrefu kuliko inavyomfaa mtu mwenye kanzu nyeupe. Alipoinuka alikuwa na udongo mpaka kiunoni, na sauti yake haikuwa ileile.

"Kabla ya masika," alisema, kama anayejisemea mwenyewe. "Nilipanda gari hili kwenda Nyakahura, nikasema, Landrova imetulia siku hizi. Nikasema mbele ya watu, kwamba tangu baba afe sijawahi kukaa ndani yake kwa raha hivi. Nilikusifu."

"Ego," Laurenti alijibu kwa Kihangaza. Ndiyo.

"Sikukuuliza umefanyaje."

"Hukuuriza."

Nikafanya kazi yangu mbele yao. Nilikuwa nimesuka waya wa shaba mnene. Upande mmoja nikaubana chini ya bolti ya tanki, kati ya ile washa ya ngozi na bati la tanki nililokuwa nimelisugua, upande wa pili kwenye chesisi, mahali nilipokwangua rangi mpaka chuma cheupe kikaonekana. Nilibana kwa nati, sikuchomelea. Kuchomelea karibu na tanki la petroli ni kazi ya mtu aliyechoka kuishi. Ngozi niliiacha. Nikatoka, nikafungua swichi, na mshale, ule mshale uliokuwa umekataa kushuka kiangazi kizima, ukateremka polepole na kusimama karibu na tupu, palepale kijiti kilipokuwa kimesema. Hakuna aliyepiga makofi. Mzee Shabani, ambaye asingeweza kuuona mshale hata ungekuwa mkubwa kama jembe, aliuliza jambo moja tu.

"Uliosha kwanza?"

"Niliosha, mzee."

"Haya. Kuanzia leo wewe ni fundi."

Tangu siku ile nimefunga ethi nyingi, kwenye Landrova za misheni, za mabwana shamba, za serikali ya Mwingereza na za serikali yetu wenyewe, kutoka Biharamulo mpaka Kabanga. Wengi wenu mmenisikia nikirudia kwamba ethi ndiyo ya kwanza kutazamwa, mkadhani ni ukaidi wa uzee. Naona fahari kwa kila waya niliofunga, sioni haya kusema. Lakini sikuwahi tena kufunga waya mbele ya mtu aliyekuwa anangoja kurudishiwa jina lake.

Baada ya mshale kutulia, Bwana Hamdani alifunga swichi mwenyewe. Akachomoa ufunguo. Akachukua na ule mdogo wa kufuli la tanki, akaufunga pamoja nao kwenye uzi mmoja. Akazunguka gari kwa mbele, watu wakampisha, akaenda kusimama mbele ya Laurenti, kanzu yake ikiwa imejaa udongo, akamnyooshea funguo zote mbili kwa mikono miwili.

"Shikamoo, Mzee Laurenti."

Laurenti alizitazama zile funguo, akawatazama watu, mmoja mmoja, walewale waliocheka, na uwanja wote ukangoja, kwa sababu kila mtu pale alijua kwamba salamu ile hailazimishwi kujibiwa. Akavaa kofia yake. Akapokea funguo.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Rete madebe. Tanki ni tupu."